Poudre Ilitangulia Mutihani

Mama Wairimu alikuwa amekumbatia enveloppe ya mutihani kifuani, imefungwa kwa gundi na muhuri mwekundu, wakati Mama Zawadi wa comité ya wazazi alimwaga mukebe wa kwanza wa poudre juu ya kichwa cha mwanafunzi wangu. Ile poudre nyeupe ya watoto wachanga. Nyinyi wa hapa Uvira munajua desturi: mutoto akifaulu, watu wa kwao wanamupaka poudre kichwani na usoni, wanamutembeza barabarani na nyimbo, mpaka muji wote ujue kama nyumba ile imezaa akili. Ni jambo zuri. Mimi mwenyewe nimeshapaka wengi. Lakini muntu anapakwa akishamaliza mutihani. Siku ile walipakwa kabla ya mutihani, mulangoni mwa salle, chumba chetu cha kusomea, wakiwa kwenye mustari na kalamu mukononi, hata swali moja hawajaliona.

Fanfare ya Sefu ikaanza kupiga tarumbeta. Wanafunzi wakaanza kupiga chafya. Poudre ilikuwa imefichwa ndani ya beseni ya ndagala, kwa hiyo kila chafya ilikuja na harufu ya samaki. Mapendo, binti niliyemutegemea kuliko wote, alibaki kama gunia la unga wa muhogo lenye macho.

Mama Wairimu ni Mukenya, anakaa Bujumbura, alitumwa na lile shirika linalotoa certificat ya Kingereza. Poudre yetu hakuijua. Aliangalia wale watu, akaangalia enveloppe yake, akawaangalia tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ya heshima kabisa, ile inayokata:

"Mwalimu, hawa wanasherehekea nini, na bahasha sijaifungua?"

Nilifungua mudomo nieleze. Mama Zawadi, ambaye Mungu alimupa kila kitu ila kunyamaza, akanisaidia.

"Usiogope, mama. Sisi tunajua tangu Alhamisi kama watoto wote walishinda."

Basi Mama Wairimu akamugeukia Papa Sadiki, promoteur wetu, yaani mwenye centre ya Kingereza, aliyekuwa amesimama pale na koti lake na kravati ya harusi. Akamuuliza hawa watu walijulia kwa nani. Sadiki akapangusa poudre kwenye kravati, polepole, kama muntu anayetafuta njia. Kisha akanyoosha kidole. Kwangu.

"Mambo ya mutihani," akasema, "mwalimu njo anayajua."

Nimepona vita. Nimepona kambi. Nimepona maji ya muto Mulongwe yaliyobeba nyumba yangu yote na kuniachia mulango. Ile poudre njo ilinishinda.

Sasa nimestaafu, ao tuseme nimestaafishwa, nitafika pale. Nyinyi vijana munaoshika chaki kwenye centre za Kingereza, Nyamianda, Kilibula mpaka Kavimvira, kila mukikutana na mimi munaniuliza ilikuwa namna gani, na kila mumoja ameshasikia namna yake. Kuko hata wanaosema niliuza mutihani nikajenga nyumba ya ghorofa. Mukiiona hiyo nyumba munionyeshe, nihamie. Nitaandika tangu mwanzo, kwa mukono wangu, na makosa yangu ya kuandika mutanisamehe. Mambo ya mushahara nitaruka, hata wenyewe ulikuwa na tabia ya kuniruka. Vyeo havikuwepo: kulikuwa mwalimu na kulikuwa promoteur, basi.

Masomo yangu ni ya tano primaire. Vita njo ilifunga kalasi, tukavuka ziwa, tukaingia kambini upande wa Kigoma. Kule nilikutana na Teacher Lazaro, muzee wa kutoka upande wa Baraka, aliyefundisha Kingereza chini ya hema bila kitabu hata kimoja. Tulisomea kwenye magunia ya chakula na mikebe ya mafuta. Kwa hiyo Kingereza changu cha kwanza kilikuwa cha gunia: haiuzwi, haibadilishwi, iwekwe mahali pakavu. Muzungu wa kwanza aliyenisalimia nilikosa cha kumujibu, nikamwambia awekwe mahali pakavu. Alinishukuru. Mvua ilikuwa inataka kunyesha.

Teacher Lazaro hakuwa na huruma. Akiuliza swali juu ya kitu tulichosoma, ilikuwa marufuku kufungua mudomo kabla hujaweka kidole kwenye mustari wenye jibu. Ukijibu bila kidole, anakugonga na kijiko cha ugali kwenye goti. "Kidole kwanza, mudomo nyuma," njo alikuwa anasema, na hata leo nikiulizwa bei ya nyanya sokoni kidole changu kinatafuta pa kukaa. Alifia kule kambini. Sikupata nafasi ya kumwambia kama nimekuwa mwalimu. Angeniuliza mwalimu wa nani, na angenigonga.

Niliporudi Uvira, Sadiki alikuwa amefungua centre yake Nyamianda, vyumba viwili nyuma ya moulin ya kusaga unga. Alinisikia nikiongea Kingereza na dereva mumoja pale kituoni, akaniambia nije kesho yake. Hakuniuliza diplome. Sisemi alikuwa muntu mubaya siku ile.

Ile moulin ilikuwa inanguruma tangu tunaanza mpaka tunafunga. Tulifundisha kwa kupiga kelele, wanafunzi wakajibu kwa kupiga kelele, na mashine ikizimika hatukujua kushusha sauti. Kwa hiyo muji wote ulijua mwanafunzi wa kwetu ni nani: ni ule anayesema habari za asubuhi kwa Kingereza kama anaita mutumbwi uliokwisha kwenda mbali. Mumoja alikwenda kuomba kazi kwenye shirika fulani, walinzi wakafikiri kuko ugomvi ndani, wakaingia. Alipata kazi. Walimuweka kwenye radio ya bandari.

Siku yangu ya kwanza niliingia salle, nikakuta wanafunzi wote wamenizidi miaka. Mbele kabisa alikaa Hadji Ramazani, mufanyabiashara wa vitenge, ambaye babu wa babu yake alifika hapa na watu wa biashara ya ziwa, na yeye alikuwa anakaa kama muntu anayejua hilo. Alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, kwa sababu benchi zetu hakuziamini. Pembeni yake Pasta Elia, mutu wa juu kule milimani, muchungaji wa ng'ombe na wa kanisa, aliyetaka Kingereza cha kutafsiri wahubiri wageni. Niliandika mustari mumoja kwenye tableau, nikausoma. Hadji akanyanyua mukono, akaniuliza kwa upole sana:

"Mwalimu, weye ulisoma mpaka wapi?"

Nikaweka kidole kwenye mustari wangu. "Mpaka hapa, Hadji. Kesho nitasoma mpaka wa pili."

Walicheka mpaka mwenye moulin akazima mashine kuja kuona. Tangu siku ile hawakuniuliza tena, na kweli, kesho yake tulifika wa pili.

Chombo chetu kikubwa kilikuwa kitabu kimoja cha kusoma, ambacho Sadiki alikipata sijui wapi. Panya walikuwa wamekula kona ya chini ya kila ukurasa, kwa hiyo kila texte ilikuwa na kichwa na tumbo, miguu hapana. Lakini maswali, yaliyokuwa nyuma ya kitabu, yalikuwa mazima kabisa. Panya hawapendi maswali. Hapo munaona kazi yangu: kuuliza watu wazima mwisho wa hadithi ambao hakuna hata mumoja wetu aliyeusoma. Kulikuwa texte ya muzungu mumoja aliyepanda mulima na mbwa wake. Kilichowapata kule juu kilikuwa tumboni mwa panya. Pasta Elia alisema muzungu aliokoka. Hadji alisema mbwa aliokoka. Waligombana juma nzima, wakaleta na watu wa nje kushuhudia, wengine hawakujua hata Kingereza lakini walikuwa na maoni juu ya mbwa.

Kazi ngumu ya kweli, vijana, haikuwa sarufi. Sarufi muntu anaimeza kama dawa, anakunja uso, inapita. Kazi ngumu ilikuwa kufahamu texte. Watu wetu wanajua maisha mingi kuliko vile vitabu, na hawakubali texte iwadanganye. Tulisoma juu ya Bwana John, mutu wa Uingereza, aliyenunua baiskeli mupya akafurahi. Swali: kwa nini Bwana John alifurahi? Mutoto wa primaire angejibu. Hadji akakataa.

"Hana furaha," akasema. "Soma vizuri. Iko na watoto sita na ameacha kazi. Ile baiskeli ni ya kukimbilia."

Nikamwambia texte haisemi hivyo. Akasema texte inaona haya. Pasta Elia akaongeza kama Bwana John anajikaza mbele ya bibi yake, na kwamba tumuombee. Nikapiga meza, nikasema kidole, Hadji, weka kidole kwenye jibu. Hadji akaweka kidole kwenye kifua chake mwenyewe.

Na tulipofika kwenye texte ya theluji ilikuwa mbaya zaidi. Nilieleza kama ni maji yaliyoganda, yanaanguka juu ya nyumba, meupe, baridi. Hadji akauliza kilo moja inafika Kalemie kwa mashua ikiwa namna gani.

Nawaambia haya ili mujue: musimucheke muntu kama huyo, na musimukubalie. Murudishe kidole chake kwenye karatasi kila siku, bila hasira, hata miaka ipite. Hadji alichukua muda mrefu, lakini siku moja aliweka kidole mahali pake, akaangalia, akasema kwa huzuni: "Kumbe kweli alifurahi." Nilikwenda nyumbani nikitembea kama bwana harusi.

Pasta Elia aliniletea ugonjwa mwingine. Alialikwa kutafsiri muhubiri mugeni kwenye kiwanja. Muhubiri alisema sentensi moja fupi, kama asante kwa kunikaribisha. Pasta akaitafsiri mpaka watu wakalia, wawili wakatubu, na mama mumoja akaanguka. Muhubiri akainama kwangu, nilikuwa nimekaa karibu, akaniuliza kwa woga yeye mwenyewe alisema nini. Baadaye nilimwita Pasta pembeni. Akanijibu kama ile sentensi ilikuwa inakuja na njaa, yeye akailisha. Kuna wanafunzi wanaohitaji maneno mengi. Yeye nilimupa mazoezi ya kupunguza: anasikia sentensi, anaitafsiri huku amebeba jiwe mukononi, na mukono ukichoka amalize. Alipona. Watu wa kanisa lake walilalamika kama mahubiri yamekuwa makavu.

Wanafunzi wengi walipita mikononi mwangu. Halafu akaja Mapendo. Shangazi yake ni yule Mama Zawadi, muuza ndagala wa Kilibula na presidente wa comité ya wazazi, cheo alichojipa siku tulipokosa mugombea mwingine. Mapendo alikuwa anauza samaki asubuhi, mchana anakuja kalasini na beseni, analiweka chini ya benchi, na paka wa moulin wanafuata. Sikumufundisha kidole. Alikuja nacho. Alikuwa anasoma kidole kikitembea chini ya mustari kama kinatafuta mwiba, akimaliza anauliza, "Teacher, nisome tena?" Katika miaka yangu yote, watu walioniomba kusoma tena bila kulazimishwa nawahesabu kwa mukono mumoja na vidole vinabaki.

Mapendo anataka kuwa muuguzi. Alipata nafasi kwenye shule moja ya Kampala, wakamuandikia kama kitu kimoja tu kinakosa: certificat ya Kingereza, kabla masomo hayajaanza. Kwa hiyo ule mutihani kwa wengine ulikuwa karatasi ya kuning'iniza ukutani. Kwa Mapendo ulikuwa mulango. Nilimutayarisha mimi. Alikuwa tayari. Hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Sasa tufike kwa Sadiki.

Ngambo ya barabara, mbele yetu sawasawa, kuko centre nyingine, ya promoteur anayeitwa Bahati. Sadiki na Bahati walioa siku moja, wakajenga mwaka mumoja, na tangu hapo hawajapumzika. Kwenye mutihani uliopita wanafunzi wa Bahati walifaulu, na Bahati akawatembeza na poudre na fanfare. Walipofika kwenye mulango wetu wakapunguza mwendo. Mupiga ngoma akasimama kabisa, akapiga pale pale, akiangalia dirisha la bureau ya Sadiki, mpaka glasi zikatetemeka. Sadiki alikuwa ndani. Alifunga pazia. Siku ile, nafikiri, kitu kilivunjika ndani ya yule muntu, na haikuwa glasi.

Mutihani wetu ulipokaribia, Sadiki alikwenda kuita fanfare ya Sefu mapema. Sefu akamwambia kama ameshachukuliwa na maharusi musimu mzima, imebaki Jumamosi moja tu iliyo wazi. Ilikuwa Jumamosi ya mutihani wenyewe. Muntu mwingine angesema basi, tutaimba kwa mudomo. Sadiki alifikiri kinyume: kama fanfare haiwezi kungojea matokeo, matokeo yatafuata fanfare. Alhamisi akamukuta Mama Zawadi sokoni, akamwambia mambo yalishakwisha, watoto wote walishinda, Jumamosi njo siku ya kutoa certificat, awaambie wazazi waje na poudre, lakini wafiche, iwe surprise. Akamupangia pia njia ya kupitia: mbele ya Bahati, kwenda na kurudi.

Haya sikuyaota. Mama Zawadi mwenyewe aliniambia, na Sefu aliniambia, na kila mumoja aliniambia bila kujua kama mwenzake amesema. Mama Zawadi ana kosa lake, na ninalisema hapa: alikaa na Mapendo nyumba moja, alimuona anasoma kila jioni, na hakujiuliza mutoto aliyekwisha kushinda anasomea nini. Nilimuuliza. Akanijibu kama alifikiri anasoma kwa furaha. Sefu naye ana lake: aliona watu kwenye mustari na kalamu, akapiga tarumbeta. Anasema yeye analipwa kupiga, halipwi kuangalia. Mimi nawapa hao wawili kosa dogo. Kubwa lina mwenyewe.

Narudi mulangoni mwa salle, kidole cha Sadiki kikiwa kwangu. Mama Wairimu hakugomba. Aliirudisha enveloppe kwenye mukoba, akafunga zipu, akaingia kwenye gari lake. Fanfare iliendelea kupiga, kwa sababu hakuna aliyemwambia Sefu aache. Mapendo alisimama pale mweupe, kalamu mukononi, na jasho lilikuwa linachora mistari usoni. Hakulia. Alimugeukia shangazi yake, akamuuliza taratibu, "Shangazi, mulifanya nini?" Kwa mara ya kwanza tangu nimujue, Mama Zawadi alinyamaza.

Nilichukua moto, yaani pikipiki ya abiria, nikamufuata Mama Wairimu mpaka mupakani Kavimvira. Nilikuwa na poudre kichwani na mabegani, kwa hiyo njiani watu walinipigia makofi. Kwenye barrière askari wa mupaka akanishika mukono, akasema pongezi, muzee, hata kwa umri huo. Akataka kunisimamisha nipige picha na wenzake. Nilimupata Mama Wairimu anangojea pasipoti yake. Nilimueleza yote: desturi, fanfare, Bahati, Alhamisi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nafikiri aliniamini. Lakini alisema:

"Mwalimu, wewe ndiye umetajwa. Siwezi kukufanya shahidi wako mwenyewe. Mwenye kituo aje ofisini kwangu, aseme mbele ya wenzangu ni nani aliwaambia hawa watu wameshinda. Akisema, wanafunzi wako watafanya mtihani kwenye kikao kijacho. Asipokuja, kituo kinafungiwa na jina lako linabaki kwenye ripoti."

Neno lake lilikuwa la haki. Safari ya Bujumbura hata haimalizi asubuhi moja. Nilirudi mbio, nikamwambia Sadiki. Alikuwa bureau, pazia limefungwa. Nilifikiri ataona haya, ataomba maji, ataondoka. Akaniangalia kama mimi njo mujinga.

"Unataka Bahati anicheke?"

Basi. Njo sababu. Hakuna nyingine. Nimeitafuta nyingine miezi hii yote, kwa kumuheshimu, sijaipata. Kama akienda kusema alidanganya, habari itavuka barabara.

Mama Zawadi, kwa huruma, alikwenda Bujumbura yeye mwenyewe kunitetea. Alibeba beseni ya ndagala kwa sababu huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Aliongea mpaka wakamuletea maji. Walimushukuru, wakasema tena: mwenye centre. Na kwenye ripoti wakaongeza kama watu wa centre hii walileta samaki ili kulainisha shirika.

Kisha Sadiki akanistaafisha. Sikuomba. Niko na miaka hamsini na kidogo, meno yangu yote ninayajua kwa majina. Alipanga sherehe, soda, viti vya plastiki, na Sefu alipata nafasi ghafla. Sadiki akasimama akasema mwalimu wetu amechoka, miaka imekuwa mingi, kichwa kinasahau, na makosa ya muntu muzee tumuachie Mungu. Watu wakaitika amina. Ule amina ulinifanya mukosaji mbele ya Nyamianda nzima, na soda mukononi. Wakanipa fimbo ya kutembelea. Hadji Ramazani, ambaye anaweza kuwa baba yangu, alinong'ona kama hata yeye hana fimbo. Pasta Elia alikaribishwa aombe. Akaomba kwa ufupi kabisa, sentensi moja, akakaa: "Bwana, weye ulikuwa Alhamisi sokoni." Mazoezi yangu yalizaa matunda. Sadiki alikohoa.

Mapendo hakuja kwenye sherehe. Alikwenda bureau ya Sadiki siku iliyofuata, mimi nikiwa mulangoni kuchukua vitu vyangu, na nilisikia. Sadiki alimuita "mutoto wangu", akamwambia avumilie, Mungu ana mipango, hata Kampala haikimbii. Mapendo akamjibu bila kunyanyua sauti, sisi tuliozoea moulin tukasikia kila neno:

"Papa Promoteur, minye sikukuja kuomba pole. Nakuomba weye uvuke mupaka, useme neno moja, urudi. Kampala wananingojea mpaka masomo yaanze. Kiisha hapo wanamupa mwingine nafasi yangu. Bahati akikucheka, atakucheka siku ngapi?"

Sadiki alisema atafikiri. Tangu pale anafikiri. Namuona kila siku akipita na ile kravati, anafikiri.

Basi, wenzangu wa chaki, nimemaliza kueleza kazi yangu, na sasa siongei na nyinyi tena. Naongea na wewe, Sadiki, na najua watakusomea hata ukijifanya huoni.

Kikao kijacho cha mutihani bado hakijafungwa. Mapendo bado anauza ndagala Kilibula, anasoma kati ya muteja na muteja, kwa sababu anaamini utakwenda. Mimi siamini, lakini yeye amekuwa na adabu kuliko mimi. Jina langu unaweza kulibakiza kwenye ripoti kama linakufaa, nimezoea kupoteza vitu vikubwa zaidi. Mutihani wa Mapendo si wako. Huwezi kuulalia ili muntu wa ngambo ya barabara asikucheke. Kwa hiyo jibu hapa, mbele ya Hadji, mbele ya Pasta, mbele ya wazazi wote waliobeba mikebe kwa sababu walikuamini: Alhamisi ile, nani alimwambia Mama Zawadi kama watoto walishinda? Na kama unasema si wewe, nenda basi umwambie Mapendo jina la huyo muntu, ukimuangalia usoni, kabla Kampala hawajampa mwingine nafasi yake.